Hatua Thelathini na Mbili Kuelekea Mtoni

Misikhu,
Jumapili, 4 Februari 2024

Baba mdogo Wepukhulu,

Mulembe kutoka huku nyumbani. Sisi tuko salama. Mama anakusalimu, goti lake linamsumbua asubuhi kukiwa na baridi, lakini bado anakwenda shambani mwenyewe na ukimkataza anakasirika. Mahindi ya mwaka jana tuliyahifadhi vizuri, fukusi hawakuyagusa. Shule zimefunguliwa na mwaka huu nimepewa darasa la pili. Wiki hii tunafundisha vipimo: watoto wanapima madawati kwa shibiri na uwanja kwa nyayo, halafu wanagombana kwa sababu kila mmoja anapata namba yake. Nawaacha wagombane kwanza, ndiyo baadaye nawapa rula.

Najua simu husikii vizuri siku hizi, na meseji unasema herufi ni kama chawa, ndiyo maana nakuandikia. Binti yako Viola akipita na vitunguu vyake kurudi Kitale atakuletea barua hii. Jibu umpe yeye mwenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Nimeamua kumjengea Mama jikoni la matofali. Lile la udongo moshi unamuua. Nimempata fundi, kijana mmoja anaitwa Kevin, mwangalifu sana. Aliponiuliza kama kuna shimo la zamani hapa bomani nikamwambia kuna kisima ulichokichimba wewe, kikajazwa nikiwa bado shule ya bweni. Akasema hata kisima kilichojazwa hakijengewi juu, udongo hushuka. Mama hakumbuki mahali sawasawa. Miti ilikatwa, nyasi zimefunika, na Baba aliyejua ameshatutoka.

Kwa hivyo naomba uniandikie: kisima kiko umbali gani kutoka mlango wa nyumba ya babu? Msingi wa nyumba bado unaonekana. Ukiweza uniambie kwa mita.

Mwanao,
Jentrix


Endebess,
20 Februari 2024

Kwako Jentrix mwanangu,

Salamu nyingi za huku baridi. Mimi ni mzima isipokuwa masikio. Ng'ombe amezaa ndama jike. Tumelima mara ya kwanza na tunangoja mvua, mbolea bado. Msalimu mama yako sana.

Nimesoma barua yako. Ati nikwambie kwa mita. Mimi nimechimba visima kumi na tisa, kutoka Naitiri mpaka huku mlimani, na sijawahi kushika mita. Kamba naipima kwa pima, mikono miwili nimeinyoosha hivi, na ardhi naipima kwa miguu yangu. Maji hayakuwahi kukataa kutoka ati kwa sababu sikuwa na rula.

Andika: simama mlango wa baba yangu, uso uelekee mtoni. Hatua thelathini na mbili. Kisha geuka jua linakotua, hatua kumi na nne. Hapo ndipo. Kina chake pima saba.

Hatua ni hatua, usianze kuniuliza ya nani. Na huyo fundi wako asikutishe. Kisima nilikijaza. Jenga tu, mtoto wa ndugu yangu, na mama yako apike bila kulia moshi.

Ni mimi,
Wepukhulu


Bungoma,
Jumatano, 24 Aprili 2024

Baba mdogo,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, kwa hivyo salamu utanisamehe. Mama amevunjika mfupa wa paja.

Jumamosi alikuwa ndani ya jikoni jipya. Kuta zilikuwa zimefika kwenye madirisha, sakafu bado ni udongo. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Akaweka kigoda chake kwenye kona, akakaa akichagua maharagwe. Mimi nilikuwa sokoni Misikhu. Kevin anasema alisikia kama mtu amekohoa chini ya ardhi, akageuka, Mama hayupo. Kigoda hakipo. Kulikuwa na tundu, na mikono miwili imeshika ukingo. Alilala kifudifudi akamshika, akapiga kelele, majirani wakaja na kamba. Mguu wake ulikuwa umebanwa na kitu huko chini, na walipovuta ndipo ukavunjika.

Baba mdogo, nilihesabu kila kitu. Nilichukua hatua ya mwanamume kuwa sentimita sabini na tano, kama vitabu vinavyosema. Thelathini na mbili ni mita ishirini na nne. Kumi na nne ni mita kumi na nusu. Nikapigilia kigingi hapo, nikafunga kitambaa chekundu, nikawakataza watu wasipakaribie. Kona ya jikoni iko mita kumi na sita kutoka kigingi hicho. Kumi na sita! Hata ningekosea sana, ningekosea mita kumi na sita?

Huku watu wanasema mwalimu wa hesabu amemtumbukiza mama yake kisimani. Wananiambia usoni. Nami usiku narudia hesabu, kwa sababu ni mimi niliyezidisha.

Niambie, hatua zako zina ukubwa gani? Niandikie upesi.

Jentrix


Endebess,
9 Juni 2024

Jentrix,

Habari za huko. Huku mvua imezidi, mahindi yamekuwa ya manjano upande wa chini. Ndama anaendelea. Nilichelewa kujibu kwa sababu ya palizi.

Nimesikitika kwa ajili ya mama yako. Mungu ni mkubwa, hakufa.

Lakini usinibebeshe mzigo wako. Mimi nilikupa hatua. Wewe ukazifanya mita. Nani alikwambia hatua yangu ni hiyo sabini na tano? Umewahi kuniona nimesimama na watu? Mimi ni mtu mfupi, baba yako ndiye alikuwa mrefu. Hicho kitabu chako kilimpima nani, Mzungu? Ndiyo shida yenu nyinyi mliosoma. Mnachukua kitu cha mtu, mnakitia kwenye kalamu, kinatoka kitu kingine, halafu kikiharibika mnarudi kumuuliza mwenyewe.

Na huyo Kevin aliona nini alipochimba msingi? Fundi gani hajui udongo uliochimbwa mara moja? Mshike yeye.

Udongo wa kujaza hushuka, hilo kila mtu anajua. Hata wewe uliandika.

Mpe mama yako pole.

Wepukhulu


Misikhu,
Jumapili, 23 Juni 2024

Baba mdogo,

Mama ametoka hospitali. Amewekewa chuma kwenye paja. Analala chumba cha mbele kwa sababu hawezi kupanda zile ngazi mbili za nyuma, na akitaka kwenda chooni tunambeba watu wawili, yeye ambaye hajawahi kubebwa na mtu tangu aolewe. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Wiki saba nilingoja barua yako. Palizi haichukui wiki saba.

Uliniambia nimefanya makosa kuchukua hatua ya kitabu. Nikasema sawa, huenda ni kweli, mimi ni mwalimu, nikubali kusahihishwa. Nikamwomba Viola akupime. Usimkasirikie, mimi ndiye niliyemtuma. Asubuhi moja ulipopita kwenye matope kwenda kukamua, alikuja nyuma yako na tepu. Hatua zako kumi ni mita sita na sentimita kumi. Yaani sentimita sitini na moja kwa hatua. Hata akakudanganya kwamba anakupimia koti, akapima mikono yako ikiwa imenyooshwa: mita moja na sentimita sitini na nne.

Nikarudia hesabu yote kwa mwili wako wewe. Si kitabu, si Mzungu. Thelathini na mbili mara sitini na moja ni mita kumi na tisa na nusu. Kumi na nne ni mita nane na nusu. Nikaenda nikasimama hapo. Ni nyasi tupu. Kevin alichimba mpaka kiunoni, udongo mgumu ambao haujaguswa tangu uumbwe.

Kisima kiko mita kumi na moja kutoka mlangoni kuelekea mtoni, kisha mita ishirini upande wa jua linakotua. Sasa nisaidie, wewe uliyechimba kumi na tisa. Ili hatua thelathini na mbili ziwe mita kumi na moja, ulitembea hatua ya sentimita thelathini na nne, kama mtoto anayejifunza kusimama. Halafu ukageuka, na ili hatua kumi na nne ziwe mita ishirini, ukaanza kuruka karibu mita moja na nusu kila hatua, kama swara. Hakuna mguu wa binadamu unaotoa namba hizo. Hukuhesabu. Ulikaa hapo Endebess ukaandika namba zilizokujia kichwani.

Na kina? Tuliteremsha kamba yenye jiwe. Mita kumi na moja na nusu. Gawanya kwa saba: sentimita mia moja sitini na nne, mikono yako kamili. Kina ulikijua mpaka kidole cha mwisho.

Tuliteremsha kamba, Baba mdogo. Umeelewa ninachosema? Kamba ilipita. Kevin aliondoa udongo uliobaki kwenye mdomo wa kisima. Hakuna kifusi. Kuna magogo ya mikaratusi yamelazwa, yameoza unayavunja kwa kidole, na juu yake magunia, na juu ya magunia udongo usiofika hata pima moja. Chini yake ni hewa, na chini ya hewa ni maji, unaona uso wako.

Miezi hii yote nimelala nikijiuliza kama nilipaswa kuzidisha kwa sabini na tano au sitini na moja. Nimewaacha watu wanicheke. Kumbe haikuwa hesabu. Kisima kilichojazwa hakihitaji kupimwa. Kingejazwa, Mama angekaa juu yake na kigoda chake miaka mia moja.

Mimi na ndugu zangu tulicheza pale. Tuliruka kamba pale. Baba alifunga ng'ombe pale.

Usiniandikie habari za ndama.

Jentrix


Endebess,
28 Julai 2024

Jentrix,

Nimeandika barua hii mara nne.

Ni kweli, sikukijaza.

Utataka kujua kwa nini, na mimi nitakwambia vile ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Mwaka ule wa 2005 babu yako alikuwa amekufa miezi mitatu. Baba yako, ndugu yangu Mukhisa, akaniita chini ya upenu wa nyumba ya baba, akasema shamba la Misikhu ni dogo, halitoshi watu wawili, wewe chukua lile la Endebess ambalo baba alinunua, ni kubwa zaidi. Alisema kwa upole. Ni kubwa zaidi, hilo ni kweli. Lakini mimi nilizaliwa hapo. Kitovu changu kiko hapo. Nilikuwa sijaoa na yeye ana watoto, kwa hivyo mimi ndiye wa kuondoka.

Nikasema sawa. Ndipo akaongeza: "Kabla hujaenda, nijazie kile kisima. Ndama alikufia mle, maji yameharibika, na watoto watatumbukia."

Kisima hicho kilikuwa cha kwanza kuchimba maishani mwangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikichimba miezi miwili, na siku maji yalipotoka baba yangu alishuka kwa kamba mwenyewe akaonja. Sasa naambiwa nikijaze kwa mikono yangu, halafu nitoke.

Baba yako alikuwa amekwenda Webuye siku mbili. Nililaza magogo, nikatia magunia, nikatia udongo, nikakanyaga. Ilinichukua mchana mmoja. Aliporudi nikamwambia tayari. Akanishika bega akasema, "Asante, ndugu yangu." Hakwenda hata kuangalia.

Na nikwambie neno ambalo sijamwambia mtu. Nilipokuwa nakanyaga ule udongo nilisema moyoni, nyumba imekuwa yako, basi na shimo ni lako. Sikutaka mtu afe. Lakini nilisema hivyo.

Baadaye hasira ikaisha, hofu ikabaki. Kila mwaka nilisema nitakwenda. Ningefika niseme nini? Kwenye mazishi ya baba yako nilisimama upande wa barabara, nyinyi mkafikiri ni majonzi. Nilikuwa naangalia watu wamesimama wapi.

Barua yako ya Februari ilipokuja nilitaka kukwambia usijenge. Lakini ungeuliza kwa nini, wewe unauliza kila kitu. Nikaandika namba. Mlango nilikuwa naukumbuka, mto naukumbuka, kisima nilijua kiko upande huo, nikasema ardhi ni kubwa, hawatakutana. Haki ya Mungu, sikujua utajenga hapo hapo.

Viola ameacha kuniongelesha. Ananiwekea chakula mezani na kutoka.

Sijui niandike nini zaidi.

Wepukhulu


Misikhu,
2 Agosti 2024

Baba mdogo,

Barua yako nimemsomea Mama yote, hata pale uliposema shimo ni la Baba. Akaniambia nikuandikie maneno haya na nisiongeze langu:

"Shemeji, njoo ujaze."

Jentrix


Misikhu,
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Baba mdogo,

Natumaini ulifika salama na mgongo umepoa. Shule ziko katika muhula wa tatu. Mama sasa anatembea na fimbo kutoka kitandani hadi mlangoni, na jana alifika kwenye mti wa parachichi kabla hajaitisha kiti. Kevin amebomoa ile kona na kuanza msingi mpya, juu kidogo, karibu na nyumba.

Nakuandikia kwa sababu siku zile kumi na moja ulizokuwa huku hatukuzungumza, wewe na mimi. Nilikuwa naweka chai kwenye jiwe na kurudi ndani. Niliogopa nikifungua mdomo sitaufunga.

Niliona yote. Uliposhuka kwenye lori la mawe na jembe lako, hukuingia ndani, uliuliza tu mawe yamwagwe wapi. Mtu wa miaka karibu sabini. Kevin alipoleta wilibaro yake ulimwambia, "Kijana, wacha. Hii si kazi yako." Majirani walikuja kuangalia kama watu wanaoangalia mechi, na mmoja akakuuliza kwa sauti kama kweli ni wewe uliyemtega shemeji yako. Nilidhani utasema masikio hayasikii. Ukasema, "Ni mimi." Ukainua jiwe lingine. Nilikuwa dirishani, na nakwambia ukweli, sikukuonea huruma. Nilifurahi. Nilitaka akuulize tena.

Siku ya nne ndiyo inayonirudia. Mama aliomba atolewe nje na kiti, tukamweka kivulini, kama hatua ishirini kutoka kisimani. Alikutazama saa nzima. Kisha akaita kwa nguvu ili usikie:

"Shemeji!"

Ukasimama na jiwe mkononi.

"Mukhisa alikufa akijua umejaza."

"Najua," ukasema.

"Hapana, hujui. Alikuwa akikusifu. Kila mgeni akija hapa, anamwonyesha kwa mkono kutoka mlangoni, anasema: pale nyasini palikuwa na shimo pima saba, ndugu yangu alilijaza peke yake siku mbili, na hakuna hata bonde. Anasema: ndugu yangu hafanyi kazi nusu."

Ulikaa chini pale pale kwenye udongo, na jiwe likiwa mapajani, ukalia kwa sauti mbele ya watu. Mama hakukwambia nyamaza. Aliniambia nimrudishe ndani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria Baba pia, na simwoni safi kama zamani. Angekwambia ubaki. Shamba dogo, sawa, lakini mahali pako pangepatikana, hata pa ukubwa wa jikoni tu. Au angejaza kisima mwenyewe. Hakukuuliza ulikuwa unajisikia vipi kwa sababu ulisema sawa. Nimemkasirikia, na amekufa, na sina mahali pa kuipeleka hasira hiyo. Wewe angalau nina anwani yako.

Kisima kimejaa. Ulipoondoka nilikwenda na tepu, nikapima mita zake kutoka mlangoni mara tatu, nikaandika kwenye daftari la boma na tarehe na jina lako, na nani alijaza na mwaka gani. Niliandika 2024. Ile miaka kumi na tisa nimeiandika pia.

Usichukue barua hii kuwa msamaha. Nikiona Mama anashika ukuta ndipo aende chooni, yote yanapanda upya, na siku hiyo heri usiwe karibu. Labda itaisha. Hasira yako mwenyewe ilikaa muda gani kabla ya kuwa hofu?

Neno moja tu lililobaki. Mama ananiuliza kila Viola akipita kama umeandika. Usifikiri ni mapenzi. Jana nilimuuliza ana haraka gani na barua yako, akasema anataka kujua kama uko hai, kwa sababu hajamaliza kukukasirikia.

Kwa hivyo andika.

Jentrix